“Wana wa nyuni” ni nani? Neno moja la kale katika ubeti wa Al-Inkishafi

Msomaji mmoja, mwalimu wa fasihi, ameniandikia hivi: “Katika Al-Inkishafi kuna mshororo usemao sasa walaliye wana wa nyuni. Kamusi niliyo nayo inaeleza kwanza kwamba nyuni ni ugonjwa wa watoto wachanga unaoleta mtukutiko, kisha ndipo inapotaja ndege. Wanafunzi wangu wameniuliza kama mshairi alikusudia ndege, maradhi, au pepo waliohamia katika nyumba zilizoachwa na watu. Zaidi ya hayo, mimi mwenyewe hutunga, na ningependa kulitumia neno hili. Je, ni neno la ushairi tu, na linachukua upatanisho gani wa kisarufi?”

Mwalimu wangu, mshairi alikusudia ndege, na jambo hilo halina shaka. Hata hivyo nakuomba usiwakemee wanafunzi wako kwa kuuliza, kwa sababu walichokigusa ni kitu cha kweli kilichomo ndani ya neno lenyewe. Maana ya ndege na maana ya ugonjwa zimetoka katika shina moja, wala si maneno mawili yaliyofanana kwa bahati, na msikilizaji wa pwani wa zama zile alizijua zote mbili. Ili jambo hili lieleweke, inafaa kwanza tuusome ubeti wote, kisha tuliangalie neno lilikotoka, ndipo tuurudie ubeti tukiwa na masikio mengine.

Al-Inkishafi ni kazi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyeishi katika karne ya 18 na kufikia mwanzoni mwa karne ya 19, wakati mji wake ulipokuwa umekwisha kushuka kutoka katika utajiri wake wa zamani. Katika utenzi huo mshairi anauhutubia moyo wake mwenyewe, anauonya juu ya ghururi ya dunia, na anautaka utazame ushahidi ulio karibu, yaani nyumba za matajiri waliokuwapo jana na leo hawapo. Ubeti unaokusumbua ni huu:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni
bumu hukoroma kati nyumbani
zisiji na koti waikaliye

Madaka ni wingi wa daka, ambalo udogo wake ni kidaka, nafasi zilizochongwa ndani ya kuta nene za nyumba za mawe za Pate na Lamu, zikapigwa chokaa na kupambwa. Katika nyumba ya mwenye nacho, madaka haya yalipangwa safu juu ya safu kwenye ukuta wa ndani, na humo ndimo vilimowekwa vyombo vya kaure vilivyovuka bahari. Zisahani ni visahani, kwani Kiamu, lahaja ya Lamu, husema zi- pale Kiswahili sanifu kinaposema vi-, kama zitu kwa vitu na zombo kwa vyombo. Walaliye ni wamelala, kwa umbo la kale la wakati timilifu lenye kiishio -iye. Bumu ni bundi mkubwa, na zisiji na koti ni majina ya ndege wengine. Kwa hiyo katika lugha ya leo ubeti unasema kwamba yale madaka yaliyokuwa ya kuwekea visahani, sasa wamelala humo makinda ya ndege. Bundi anakoroma katikati ya nyumba, na ndege wengine wamefanya makao yao. William Hichens, aliyeuchapisha utenzi huu kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1939, aliuelewa mshororo wa pili hivyo hivyo, ndege na makinda yao.

Muktadha nao unakubali maana hiyo bila kulazimishwa, kwa kuwa ubeti wote umejaa viumbe wenye mbawa, na ubeti unaoutangulia umekwisha kutuonyesha makinda ya popo iyu wengeme, yaani makinda ya popo wakining’inia juu darini. Kidaka chenyewe, ukikitazama kwa macho ya kiumbe anayetafuta pa kutagia, ni tundu lililoinuka kutoka chini, lenye paa dogo juu yake na ukuta nyuma yake, lisilofikiwa na mvua wala nyoka kwa urahisi. Mshairi hakuhitaji kubuni picha hii. Inatosha kusimama ndani ya gofu lolote la visiwa vile ili kuiona.

Sasa neno lenyewe. Nyuni ni neno la Kibantu la asili, na ndugu zake wametapakaa mbali sana. Wakikuyu husema nyoni, Wakamba nyunyi, Waganda ennyonyi, Wanyarwanda na Warundi inyoni, na huko kusini kabisa Wazulu nao husema inyoni, wote wakiwa na maana ya ndege. Wayao husema chijuni, na umbo hili ndilo linalonifurahisha zaidi, kwa sababu linafichua muundo wa neno letu. Chukua neno nyumba. Ukilikuza unapata jumba, ukilidogosha unapata kijumba, na hapo unaona kwamba ny- ya mwanzo ni alama ya ngeli iliyoungana na shina, wala si sehemu ya shina lenyewe. Nyuni na chijuni vinahusiana vivyo hivyo kama nyumba na kijumba. Kwa hiyo tuna shina moja la zamani ambalo wazungumzaji wa Kibantu walikwenda nalo kila walikokwenda, nalo likabaki hai katika pwani ya kaskazini, Pate, Lamu, visiwa vya Wabajuni, hadi Mombasa, kama neno la kawaida kabisa la kumtaja ndege.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako la pili, na ndipo ninapotofautiana na wale wanaolieleza nyuni kama pambo la washairi. Sayyid Abdallah alipoandika wana wa nyuni hakupanda kwenye dari ya lugha kutafuta neno la fahari. Aliandika neno ambalo mtoto wa Pate angelitamka alipomwona kunguru akishuka uani. Neno lilikuwa la sokoni na la jikoni, na watu wa Lamu hawajaliacha. Ukale na ushairi ni joho lililovishwa baadaye, na lilivishwa mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa sababu ya heshima ya fasihi ya kaskazini. Pate na Lamu ndiko zilikotoka tungo nyingi za kale zilizotufikia, ukiwamo Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, na kwa muda mrefu mtu aliyetaka kutunga utenzi wa dini au wa mawaidha alitazama huko. Maumbo kama ndia kwa njia, mai kwa maji, na ule wakati timilifu wa walaliye na wengeme, yalifika masikioni mwa watu wa kusini yakiwa tayari yamevaa mahadhi ya tenzi. Mtu asiyelisikia neno nyuni mahali pengine popote isipokuwa katika utenzi, atalihesabu kuwa neno la utenzi. Mara ya pili ilikuwa ni usanifishaji. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaisimamia sanifu hiyo katika vitabu vya shule na katika kamusi iliyotoka mwaka 1939. Unguja walisema ndege, kwa hiyo ndege likawa neno, na nyuni likasukumwa pembeni pamoja na maelfu ya maneno mengine ya kaskazini, likabaki ama na alama ya ukale, ama na ile maana moja tu ambayo watu wa Unguja na Mrima, yaani pwani ya bara iliyo mkabala nayo, walikuwa bado wanaihitaji.

Maana hiyo ndiyo ya ugonjwa, na ndiyo sababu kamusi yako imeitanguliza. Katika maeneo ambako ndege alikwisha kuitwa ndege, nyuni lilibaki kuwa jina la maradhi ya watoto wachanga, hasa yale ya mtukutiko, wakati mtoto mwenye homa kali anapokakamaa, macho yakageuka juu na viungo vikatetema. Watu waliamini kwamba hali hiyo huletwa na ndege, au na pepo anayekuja kwa umbo la ndege, na kwa hiyo watoto walivishwa hirizi za kuwakinga. Ugonjwa ukaitwa kwa jina la aliyedhaniwa kuuleta.

Kama mtu anaona ushahidi huu ni mwembamba, na alitazame neno ambalo kila mzazi wa Tanzania analijua hadi leo, degedege. Ukimkuza ndege unapata dege, kama unavyopata jumba kutokana na nyumba, na dege ni jina lingine la kale la ugonjwa ule ule wa watoto. Likirudiwa ndilo degedege, neno linalotumika mpaka katika vituo vya afya kutaja mtukutiko wa homa, ambao mara nyingi sababu yake ni malaria kali. (Mtoto wa namna hiyo hukimbizwa hospitali mara moja, historia ya neno isimcheleweshe mtu yeyote.) Tazama jinsi mambo yalivyokwenda sambamba. Neno la kaskazini la ndege likawa jina la ugonjwa, na neno la kusini la ndege nalo likawa jina la ugonjwa huo huo. Jambo likitokea mara moja, unaweza kusema ni bahati. Likitokea kwa maneno mawili yasiyohusiana kwa shina lakini yenye maana moja, hapo unajua kwamba kinachofanya kazi ni fikra, wala si sauti za maneno.

Fikra hiyo ni pana kuliko ugonjwa peke yake. Katika Kiswahili cha zamani, ndege ni ishara pia ya jambo litakalokuja, na ndiyo maana watu walisema ndege njema kwa dalili ya heri na ndege mbaya kwa dalili ya shari, hata pasipokuwa na kiumbe yeyote aliyeruka. Waarabu nao walikuwa na desturi ya kupiga falaki kwa mwendo wa ndege, na katika Kurani, sura ya 17 aya ya 13, neno ta’ir, ambalo maana yake ya msingi ni kiumbe arukaye, limetumika kwa lile ambalo kila mtu amefungiwa shingoni mwake, na wafasiri hulieleza kuwa ni matendo yake au majaaliwa yake. Sayyid Abdallah alikuwa mtu wa elimu ya dini, na aya hiyo hakuikosa. Sisemi kwamba mshororo wetu unaidokeza aya hiyo moja kwa moja, kwa kuwa sioni neno lolote katika ubeti linalonipeleka huko. Nasema tu kwamba mshairi aliyelelewa na Kiswahili cha pwani na Kiarabu cha dini hakuwa na lugha hata moja ambamo ndege ni kiumbe mtupu asiye na habari.

Ndiyo maana ninawatetea wanafunzi wako. Wakisema mshororo unazungumzia maradhi yaliyolala ndani ya madaka, wamekosea, kwa sababu maradhi hayana wana, wala hayahitaji mahali pa kulala. Lakini wakisema kwamba neno nyuni linaingiza ubaridi fulani ndani ya nyumba ile, hasa linapofuatwa papo hapo na bumu, ambaye hakuna mtu wa pwani amsikiaye usiku juu ya paa lake akatabasamu, hapo wamesoma vizuri. Kufasiri ni jambo moja, na kusikia mwangwi wa neno ni jambo jingine. Darasani tunahitaji yote mawili, kila moja mahali pake.

Turudi basi kwenye ubeti na tuupime kwa mikono. Kila mshororo una mizani 11, sita katika ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na tano katika utao, yaani kipande cha pili. Ma-da-ka-ya-nyu-mba, kisha ya-zi-sa-ha-ni. Sa-sa-wa-la-li-ye, kisha wa-na-wa-nyu-ni. Sasa weka wana wa ndege mahali pa wana wa nyuni. Mizani inabaki tano, haikupungua wala haikuzidi. Kinachovunjika ni kina, kwa kuwa mishororo mitatu ya kwanza imefungwa kwa -ni, zisahani, nyuni, nyumbani, na wa nne unarudi kwenye -ye, kituo kinachorejea ubeti baada ya ubeti. Mtu anaweza basi kusema kwamba kina ndicho kilichomlazimisha mshairi. Mimi sikubali, kwa sababu tumekwisha kuona kwamba neno lilikuwa mdomoni mwake tangu utotoni. Kwake nyuni lilikuwa ndilo jina la kiumbe yule, na kina kikampokea bila kumpa taabu. Sisi tuliosoma sanifu shuleni ndio tunaodhani kwamba kulikuwa na uchaguzi.

Uchaguzi wa kweli, nadhani, uko katika neno lililo kabla yake, ambalo hakuna anayeniuliza habari zake kwa kuwa linaonekana jepesi mno. Neno hilo ni wana. Mshairi angeweza kujaza madaka kwa nyuni tu, wakubwa, wenye kelele. Amewaweka wana wao. Na si mara moja. Katika beti zinazoungana na huu kuna yale makinda ya popo, kuna wana wa zipungu, yaani makinda ya vipungu, na kuna wana wa ndiwa, yaani makinda ya njiwa. Nyumba ambayo wenyewe wamekufa, ambayo hakuna mtoto wa mtu anayelia ndani yake, imejaa watoto. Kila kiumbe amezaa humo isipokuwa aliyeijenga. Mahali ambapo mama wa nyumba alipanga visahani vyake, akavihesabu, akawakataza wanawe wasiviguse, pamelaliwa na wana wa mwingine, nao wamelala kwa utulivu, kwa umbo lile la walaliye linalotuambia kwamba jambo limekwisha kutimia na hali yake ingalipo.

Kwa wasikilizaji waliojua kwamba nyuni ni jina la kile kinachowachukua watoto wachanga, kukutana na wana wa nyuni katika nyumba isiyo na wana wa watu kulikuwa, nadhani, na uchungu ambao kamusi haiwezi kuuweka katika kifungu kimoja. Hapa nasema kwa dhana yangu kama msomaji, wala simtwishi mshairi kusudio hilo. Lakini nimeufundisha ubeti huu mara nyingi, na kila nikifika hapo nahitaji kunyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Umeuliza mwisho kuhusu upatanisho, na jibu limo katika ubeti wenyewe. Tazama zisiji na koti waikaliye. Umbo la zisiji ni la ngeli ya vitu, lakini kitenzi kimechukua wa-, waikaliye, kwa sababu anayetajwa ni kiumbe mwenye uhai. Nyuni nalo lifuate njia hiyo hiyo, nyuni huyu amehama, nyuni hawa wamehama, nyuni yule wa asubuhi. Umoja na wingi havibadiliki. Ukiandika manyuni kwa kutaka kutofautisha wingi, utakuwa umeliondoa neno katika ngeli yake na kulipa maana ya ukubwa au karaha, na sidhani kama ndicho unachokitaka.

Kuhusu kulitumia leo, litumie, lakini uwe na sababu. Sababu moja nzuri imeletwa na wakati wetu wenyewe. Neno ndege sasa limebeba pia chombo cha angani, na mshairi akisema ndege zimepita juu ya mji, msomaji husita na kutazama kiambishi ili ajue ni mbawa au ni injini. Nyuni halina mzigo huo. Lina kiumbe tu, na nyuma yake kile kivuli tulichokieleza. Sababu nyingine nzuri ni lahaja. Kama shairi lako linasema kwa sauti ya kaskazini, nyuni litakaa humo kama mwenyeji, na diwani zilizoandikwa kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na kuchapishwa katika miaka ya 1970, kama Malenga wa Mvita na Sauti ya Dhiki, zinaonyesha kwamba lahaja zile si mali ya makumbusho. Lakini usilipachike peke yake ndani ya ubeti ambao maneno mengine yote ni ya sanifu, eti kwa kuwa umekosa kina cha -ni. Msomaji mwenye sikio ataliona limesimama mlangoni kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha. Likaribishe na wenzake, au umwite ndege kwa jina la nyumbani kwako.

Na kwa wanafunzi, ningependekeza zoezi moja dogo. Waache watafute katika lugha za nyumbani kwao neno la ndege, kila mmoja alilete darasani na kuliandika ubaoni chini ya nyuni. Mkikuyu, Mkamba na Myao katika darasa moja watamtambua kiumbe wa Sayyid Abdallah bila kufungua kamusi.